Jinsi ya kuichambua namba kubwa hadi vigawo vyake vya mwisho: mwongozo kamili kwa kutumia 61,741,120

Hapa Mwanga, Kigoma, ninapofundisha tuisheni ya jioni, hakuna swali linalorudi mezani kwangu kama hili: "Mwalimu, nimegawa weee mpaka nimefika hapa, sasa hii ni tasa au siyo?" Majuzi niliwapa wasomaji namba moja waichambue nyumbani. Majibu mengi yalikwama sehemu mbili zilezile. Wengine walisimama kwenye 192,941, wengine kwenye 27,563, na wote wakaandika "tasa" na kupigia mstari. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo tasa, yaani isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe.

Nimepitia kazi zao mstari kwa mstari. Kugawa wanajua. Kinachowashinda ni kujua wakati wa kusimama, na kuwa na ushahidi kwamba wamesimama mahali sahihi. Ndiyo maana mwongozo huu utakaa sana kwenye hatua ya nne na ya tano, na nakuomba usiziruke.

Namba yenyewe ni 61,741,120. Ni idadi ya watu wa Tanzania kwa Sensa ya 2022: Bara 59,851,347 na Zanzibar 1,889,773. Niliichagua kwa kuwa wengi tumeshaisikia, na ina karibu mitego yote ninayotaka uione.

## Vitu vya kuandaa

Daftari la hesabu lenye viboksi. Tarakimu moja, kiboksi kimoja. Makosa mengi ninayoyaona hayatokani na kutokujua. Tarakimu imeteleza safu tu.

Kalamu mbili za rangi tofauti. Moja ya kuandikia vigawo tasa unavyopata, nyingine ya mabaki. Mwisho wa kazi utaona kwa nini.

Kalkuleta ya kawaida ya tarakimu nane. Hizi za dukani, zenye kioo cha kijivu na kile kipande cheusi cha sola juu. Namba yetu ina tarakimu nane kamili, kwa hiyo inaingia bila kubaki nafasi. Kama betri yake imekufa na unategemea sola peke yake, kaa karibu na dirisha au chini ya taa. Mwanga ukiwa hafifu, tarakimu hufifia, na 8 ukaisoma 3. Simu nayo inafaa, mradi uhakikishe haikati desimali za mwisho.

Orodha ya namba tasa zilizo chini ya 200. Zipo 46. Zinakili nyuma ya daftari leo hii:

2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41, 43, 47, 53, 59, 61, 67, 71, 73, 79, 83, 89, 97, 101, 103, 107, 109, 113, 127, 131, 137, 139, 149, 151, 157, 163, 167, 173, 179, 181, 191, 193, 197, 199.

Saa moja ya utulivu. Usifanye kazi hii huku unachati.

## Hatua ya 1: Jua mpaka wako kabla ya kugawa

Andika namba ikiwa na mikato yake: 61,741,120. Kisha tafuta kipeuo chake cha pili. 7,857 × 7,857 ni 61,732,449, na 7,858 × 7,858 ni 61,748,164. Kwa hiyo kipeuo kiko kati ya 7,857 na 7,858.

Kwa nini tunahangaika na kipeuo? Vigawo huja wawili wawili. Ukisema 12 ni 3 × 4, umepata jozi. Kama namba si tasa, basi inaandikika kama jozi ya vigawo viwili visivyo 1, na haiwezekani vyote viwili vizidi kipeuo, kwa sababu vingezidishwa vingeipita namba yenyewe. Lazima kimoja kiwe chini ya kipeuo au sawa nacho. Ukishapima namba tasa zote hadi kwenye kipeuo na hakuna iliyogawa bila baki, kazi imekwisha: namba ni tasa.

Usitishwe na 7,857. Kila tunapopata kigawo, namba inapungua na mpaka unashuka nao. Hutafika huko.

Sasa jumlisha tarakimu: 6 + 1 + 7 + 4 + 1 + 1 + 2 + 0 = 22, halafu 2 + 2 = 4. Andika "tisa: 4" pembeni ya ukurasa na uzungushie duara. Tutaihitaji kwenye uhakiki. Papo hapo imetuambia jambo lingine: jumla ya 22 haigawanyiki kwa 3, kwa hiyo namba nzima haigawanyiki kwa 3, na 3 haitatokea tena popote katika kazi hii.

Umefanikiwa ukiwa na: mpaka (7,857) na ile 4 kwenye duara.

## Hatua ya 2: Maliza sifuri, kisha maliza 2

Sifuri ya mwisho ni 10, na 10 ni 2 × 5. Andika 2 na 5 kwa kalamu ya vigawo, ubaki na 6,174,112.

Sasa gawa kwa 2 mpaka upate namba witiri:

6,174,112 → 3,087,056 → 1,543,528 → 771,764 → 385,882 → 192,941

Hizo ni mara tano. Pamoja na ile 2 ya kwenye sifuri, tuna 2 sita, yaani 2 kwa kipeo cha 6, ambayo ni 64.

Angalizo: hesabu mishale, usihesabu namba. Mstari wa juu una namba sita lakini mishale mitano, na kila mshale ndio mgawo mmoja. Wapo walioandika 2 saba kwa kuhesabu namba kisha wakaongeza ile ya sifuri.

Nikatishe kidogo hapa, maana jambo hili linanifurahisha kila nikiiona namba hii. Tarakimu zake nne za mwanzo ni 6174. Chukua tarakimu hizo, zipange kuanzia kubwa kwenda ndogo: 7641. Zigeuze: 1467. Toa, na unarudi palepale 6174. Aliyeligundua hilo ni mwalimu wa shule wa India, D. R. Kaprekar. Ukianza na namba yoyote ya tarakimu nne ambazo si zote za aina moja, ukarudia kupanga na kutoa, unafika 6174 ndani ya mizunguko isiyozidi saba. Haihusiani na sensa, lakini wape watoto walijaribu wakati unasubiri ugali uive.

## Hatua ya 3: 192,941, mtego wa kwanza

Hapa ndipo kundi la kwanza lilipodondoka. Namba inaishia na 1, haigawanyiki kwa 2, 3 wala 5, sura yake imekaa kitasa, wakaandika tasa. Sura si ushahidi. 21 inaishia na 1, 91 nayo inaishia na 1.

Pima 7. Kuna njia ya haraka ya kichwani: kata tarakimu ya mwisho, izidishe kwa 2, itoe kwenye zilizobaki. Rudia.

192,941: kata 1, mara mbili yake ni 2. 19,294 − 2 = 19,292.
Kata 2, mara mbili yake ni 4. 1,929 − 4 = 1,925.
Kata 5, mara mbili yake ni 10. 192 − 10 = 182.
Kata 2, mara mbili yake ni 4. 18 − 4 = 14.

14 inagawanyika kwa 7, kwa hiyo 192,941 nayo inagawanyika. Njia hii inafanya kazi kwa sababu ukikata tarakimu ya mwisho na kutoa mara mbili yake, ni sawa na kuiondolea namba ile tarakimu mara 21, na 21 ni 3 × 7. Ulichoondoa kinagawanyika kwa 7, basi kilichobaki ndicho kinachotoa hukumu.

192,941 ÷ 7 = 27,563.

Jaribu 7 tena kwenye 27,563 kabla ya kusonga mbele. Kigawo kimoja kinaweza kurudi, kama tulivyoona kwa 2. Hapa 7 × 3,937 ni 27,559, baki 4. Haigawi. Twende.

Umefanikiwa ukiwa na: 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 5 × 7 × 27,563.

## Hatua ya 4: 27,563, mtego mkubwa

Kwanza shusha mpaka. 166 × 166 = 27,556, na 167 × 167 = 27,889. Kumbe hatuhitaji tena kwenda 7,857. Mwisho wetu ni namba tasa isiyozidi 166, yaani 163. Kwenye orodha, kutoka 11 hadi 163 ni namba 34 tu. Hiyo ndiyo kazi yote iliyobaki katika hali mbaya kuliko zote.

Pima namba tasa peke yake. Kuna kijana wa Gungu aliniletea daftari lenye doa la mawese kwenye kona, kurasa mbili zimejaa: amepima 9, 14, 15, 21, 22, 25. Nilimwambia, mwanangu, kama 3 imeshakataa, 9, 15 na 21 zitapitia mlango gani? Alichoka kabla ya kufika 30 akaandika tasa. Bidii alikuwa nayo, ila aliimalizia mahali pasipohitajika.

Kupata baki kwa kalkuleta, fanya hivi. Gawa. Soma namba nzima iliyo kabla ya nukta. Izidishe kwa kigawo. Toa jibu hilo kwenye 27,563. Kilichobaki ndilo baki. Kwa 13: 27,563 ÷ 13 inatoa 2120.2307, namba nzima ni 2,120, mara 13 ni 27,560, baki 3.

Mabaki yanakuja hivi, na ningependa uyapate mwenyewe kabla ya kusoma yangu:

11 → baki 8
13 → baki 3
17 → baki 6
19 → baki 13
23 → baki 9
29 → baki 13
31 → baki 4
37 → baki 35
41 → baki 11
43 → baki 0

Hiyo hapo. 43 × 641 = 27,563.

Tazama ilipo: baada ya 41. Kundi la pili lilikata tamaa kwenye 31 au 37. Binti mmoja alifika hadi 41, hatua moja tu kabla, akasimama kwa sababu, kwa maneno yake, "Mwalimu, nilijua kama ingekuwa inagawanyika ingeshagawanyika." Namba haina huruma ya namna hiyo. Ruhusa ya kusimama ipo mahali pamoja tu, nayo ni kipeuo. Kabla ya 163 hakuna ruhusa.

Angalizo la kalkuleta: usitosheke na kutazama desimali kwa haraka. Kwenye namba kubwa baki dogo linajificha. Mwisho wa mwongozo huu kuna zoezi ambamo jibu linaonekana kama 812.01, na mtu mwenye haraka, jua likiwa limepiga kioo, anaona 812 tupu. Andika baki la kila mgawo. Ndiyo kazi ya ile kalamu ya pili: ukurasa wenye mabaki yote ni ushahidi, na ukikosea mtu anaweza kukuonyesha mstari uliokosea.

## Hatua ya 5: 641, na kwa nini unasimama hapa

Sasa 641. Je, ni tasa?

Waliofika hapa wengi walianza upya: wakapima 3, 7, 11, 13 na kuendelea. Si kosa, ila ni kazi ya bure, na hapa kuna fikra ambayo ukiielewa itakuokolea saa nyingi.

641 imetoka ndani ya 27,563. Kigawo chochote cha 641 ni kigawo cha 27,563 pia. Na sisi tumeshathibitisha, kwa mabaki yaliyoandikwa, kwamba hakuna namba tasa chini ya 43 inayogawa 27,563. Kwa hiyo hakuna namba tasa chini ya 43 inayogawa 641. Kama 641 si tasa, kigawo chake kidogo kabisa ni 43 au zaidi. Lakini kigawo kidogo lazima kiwe chini ya kipeuo, na 43 × 43 ni 1,849, ambayo imeshaipita 641 kwa mbali.

Basi 641 ni tasa. Hatukugawa hata mara moja.

Ifanye iwe kanuni yako: ukishapata kigawo tasa, kiite p, tazama kilichobaki. Kikiwa kidogo kuliko p × p, na hukuruka namba tasa yoyote njiani, kilichobaki ni tasa. Simama. Kikiwa kikubwa zaidi, endelea kuanzia p yenyewe, usirudi nyuma.

Hii 641 ina heshima yake katika hisabati. Karne ya 17, Mfaransa Pierre de Fermat aliamini kwamba namba zote zinazopatikana kwa mtindo fulani wa vipeo vya 2 ukijumlisha 1 ni tasa. Zinaanza 3, 5, 17, 257, 65,537, na hizo kweli ni tasa. Inayofuata ni 4,294,967,297. Mwaka 1732 Leonhard Euler akaonyesha kwamba ni 641 × 6,700,417. Fermat alikuwa miongoni mwa wanahisabati wakubwa wa zama zake, na bado aliita tasa kitu ambacho hakuwa amekithibitisha. Ninapomrudishia mwanafunzi daftari lenye "192,941 tasa", huwa namsimulia kisa hiki, ajue kosa lake lina wenyewe wakubwa.

Umefanikiwa ukiwa na: 61,741,120 = 64 × 5 × 7 × 43 × 641, na 64 ni 2 kwa kipeo cha 6.

## Hatua ya 6: Hakiki kwa tisa, kisha kwa kumi na moja

Njia ya kwanza ni kuzidisha vyote tena: 64 × 5 = 320, × 7 = 2,240, × 43 = 96,320, × 641 = 61,741,120. Sawa.

Njia ya pili ni ya haraka, nayo ni kutupa tisa. Kila kigawo jumlisha tarakimu zake mpaka ibaki moja: 64 inakuwa 1, 5 ni 5, 7 ni 7, 43 inakuwa 7, 641 inakuwa 2. Zidisha, na kila ukivuka tarakimu moja jumlisha tena: 1 × 5 = 5. 5 × 7 = 35, inakuwa 8. 8 × 7 = 56, inakuwa 2. 2 × 2 = 4. Rudi kwenye lile duara la hatua ya kwanza: 4. Zimekutana.

Lakini kutupa tisa kuna upofu mmoja. Mwanafunzi akiandika 614 badala ya 641, tisa hazitamwona, kwa kuwa jumla ya tarakimu ni ileile. Ndiyo maana tunaongeza kumi na moja. Anza kulia, toa na jumlisha kwa kupokezana: 0 − 2 + 1 − 1 + 4 − 7 + 1 − 6 = −10. Ongeza 11, unapata 1. Mabaki ya vigawo kwa 11 ni 9, 5, 7, 10 na 3. 9 × 5 = 45, baki 1. × 7 = 7. × 10 = 70, baki 4. × 3 = 12, baki 1. Zimekutana. Ukiweka 614, baki lake ni 9 badala ya 3, na mwisho unapata 3 badala ya 1. Kosa limeonekana.

## Hatua ya 7: Idadi ya vigawo vyote

Watu wakiulizwa 61,741,120 ina vigawo vingapi, huanza kuviorodhesha. Usifanye hivyo.

Fikiria mgahawa wa mama ntilie hapa Mwanga. Kuna ugali, wali au ndizi. Kuna migebuka au dagaa. Sahani tofauti ni 3 × 2 = 6. Kigawo nacho ni sahani: unachagua utumie 2 mara ngapi, 5 mara ngapi, na kadhalika.

Kwa 2 unaweza kuchagua mara 0, 1, 2, 3, 4, 5 au 6. Hizo ni chaguo saba, si sita. Kwa 5, 7, 43 na 641 kila moja ina chaguo mbili: kuitumia au kuiacha.

7 × 2 × 2 × 2 × 2 = 112.

Namba ina vigawo 112, yaani jozi 56. Jozi iliyo karibu zaidi na kipeuo ni 6,880 × 8,974. Ukitaka kuipanga idadi hiyo kwa safu na mistari iliyo sawa, hakuna mstatili unaokaribia mraba kuliko huo.

Angalizo: kosa la kawaida ni kusahau ile "mara 0" na kuzidisha vipeo vyenyewe, 6 × 1 × 1 × 1 × 1 = 6.

## Hatua ya 8: Jumla ya vigawo vyote

Kwa kila kigawo tasa, jumlisha vipeo vyake kuanzia 1:

2: 1 + 2 + 4 + 8 + 16 + 32 + 64 = 127
5: 1 + 5 = 6
7: 1 + 7 = 8
43: 1 + 43 = 44
641: 1 + 641 = 642

Zidisha zote. 127 × 6 = 762. × 8 = 6,096. × 44 = 268,224. Kisha × 642.

Hapo kalkuleta ya tarakimu nane inashindwa. Jibu lina tarakimu tisa, kwa hiyo utaona herufi E na tarakimu zilizokatwa. Wengi wananakili kilichobaki kwenye kioo kana kwamba ni jibu. Futa, na ugawe kazi: 268,224 × 6 = 1,609,344, ongeza sifuri mbili kwa mkono upate 160,934,400. Halafu 268,224 × 42 = 11,265,408. Jumlisha kwenye karatasi: 172,199,808.

Toa namba yenyewe, 61,741,120, na vigawo vingine vyote vinafika 110,458,688. Vimeipita namba yenyewe. Nyingi zenye 2 za kutosha huwa hivyo.

## Hatua ya 9: Namba ngapi hazishirikiani nayo kigawo?

Swali hili lina maana: kuanzia 1 hadi 61,741,120, ni namba ngapi ambazo KKS (kigawo kikubwa cha shirika) yake na hii yetu ni 1? Ni hesabu aliyotuachia Euler, na namna ya kuifanya ni kuondoa sehemu moja baada ya nyingine. Nusu zinagawanyika kwa 2, ziondoe. Katika zilizobaki, moja kwa kila tano inagawanyika kwa 5, iondoe. Hivyo hivyo hadi 641.

Gawa kwanza, ndipo uzidishe, na kalkuleta haitafurika:

61,741,120 ÷ 2 = 30,870,560
÷ 5 = 6,174,112, × 4 = 24,696,448
÷ 7 = 3,528,064, × 6 = 21,168,384
÷ 43 = 492,288, × 42 = 20,676,096
÷ 641 = 32,256, × 640 = 20,643,840

Jibu ni 20,643,840. Dalili ya mafanikio ni kwamba kila mgawo umetoka mzima. Ukiona desimali popote, rudi juu, kuna kigawo umekikosea.

Angalizo: 2 ipo mara sita lakini nusu unaiondoa mara moja tu. Namba ikiwa shufwa imeshakuwa shufwa, haiondolewi tena.

## Hatua ya 10: Maswali mawili ya miraba

Ni namba gani ndogo kabisa ukiizidisha na 61,741,120 upate mraba kamili? Mraba unataka kila kipeo kiwe shufwa. 2 iko sawa, ipo mara sita. 5, 7, 43 na 641 zinakosa mwenzi, kila moja inahitaji mmoja: 5 × 7 × 43 × 641 = 964,705. Mraba utakaopatikana ni wa 7,717,640.

Je, inaandikika kama jumla ya miraba miwili, kama 13 ilivyo 4 + 9? Tazama vigawo tasa ambavyo ukigawa kwa 4 vinabakiza 3. Kila kimoja cha aina hiyo lazima kiwe na kipeo shufwa. 7 inabakiza 3 na ipo mara moja. Tayari imekataa. 43 nayo vilevile. 641 peke yake ingeweza, kwa kuwa ni 625 + 16, lakini ndugu zake wamemfungia mlango.

## Zoezi: namba ya mkoa wetu

Mkoa wa Kigoma kwenye Sensa ya 2022 ulihesabiwa watu 2,470,967. Ichambue.

Hii haina sifuri wala 2 ya kukupa mwanzo mwepesi. Kipeuo chake kiko kati ya 1,571 na 1,572, na usiogope. Kigawo cha kwanza kinapatikana ndani ya namba tasa saba za mwanzo. Kitakachobaki ni 145,351, ambacho kipeuo chake ni 381 na kidogo. Hapo ndipo subira yako itapimwa.

Mitego ninayokuonya mapema: 145,351 ÷ 17 inatoa 8550.05, na kwa 19 inatoa 7650.05. Kwa 179 inatoa 812.01. Zote zina baki. Andika baki la kila moja: 1, 1, na 3. Endelea.

Jibu nitalitoa hapa chini, lakini fumba ukurasa kwanza.

Kigawo cha kwanza ni 17. Cha pili ni 191, namba tasa ya 43 kwenye orodha yako, baada ya migawo 37 ukianza tena na 17. Kinachobaki ni 761. Usiipime: 191 × 191 ni 36,481, na 761 iko chini yake mbali kabisa. Tasa.

2,470,967 = 17 × 191 × 761. Vigawo 8. Jumla yake 18 × 192 × 762 = 2,633,472; ukitoa namba yenyewe zinabaki 162,505 tu, kinyume kabisa na ile ya taifa.

Na ukifanya hatua ya tisa, unapata 16 × 190 × 760 = 2,310,400. Itafutie kipeuo cha pili. Mimi nilipoifanya mara ya kwanza niliweka kalamu chini na kurudia hesabu yote, kwa sababu inatoka kamili: 1,520 × 1,520.